Bwana Sifuri wa Mtambo wa Baharini

Katika mtambo ule wa mafuta uliosimama baharini kwa miguu ya chuma, hapakuwa na mtu wa kumshinda fundi wa kipimo kwa maringo. Maji hutoka kisimani pamoja na mafuta. Yakishasafishwa, kabla hayajamwagwa baharini, kipimo chake ndicho husema yamebaki na mafuta kiasi gani. Mwezi huo kilisema sifuri kila siku: leo sifuri, kesho sifuri, keshokutwa sifuri. Wenzake wakambandika jina la Bwana Sifuri, naye akavimba kichwa hadi kofia ya kazi ikambana.

Bosi aliipeleka sifuri ile makao makuu, nao wakaahidi kumhamishia fundi ofisi ya nchi kavu. Jamani, alifurahi! Miaka yote ya ndoa alikuwa mgeni nyumbani kwake. Kitinda mimba wake humwamkia kwa adabu ileile anayomwamkia nayo fundi bomba. Mkewe aliposikia habari kwenye simu alipiga kigelegele. "Baba watoto, safari hii usiniletee hadithi. Njoo."

Asubuhi ya kuagwa, bosi akiwapanga watu kwa ajili ya picha, fundi alikwenda kukipangusa kipimo king'ae. Koki ya maji ya kunywa, ambayo hufunguliwa kidogo tu kukisuuza kipimo, ilikuwa wazi. Aliisahau yeye mwenyewe siku alipokuwa anakimbilia chakula. Mwezi mzima kipimo kilikuwa kinapima maji ya kunywa, na kusema kweli hayakuwa na mafuta hata chembe.

Angeweza kunyamaza apande helikopta ya kumpeleka nchi kavu. Lakini aliona haya, haya ya kweli, akaifunga koki. Namba zikapanda mbio na king'ora kikalia.

Bosi akaja anahema, tai ya picha imemkaa upande. "Umekifanya nini?"

Fundi akaeleza yote.

"Majaribio tu hayo!" bosi aliwapigia kelele waliokuwa wakichungulia, kisha akashusha sauti. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe tu, bosi."

"Safi. Ifungue."

Fundi akasita, akaitazama helikopta, akaifungua koki. Sifuri ikarudi, king'ora kikanyamaza. "Sasa naweza kwenda?"

"Uende wapi, ndugu yangu?" Bosi alimshika bega kwa mapenzi tele. "Koki hii nimwachie nani?"

"Bosi, mke wangu ananisubiri."

"Mwambie umepandishwa cheo."