Shukrani Zilizofunga Njia ya Tarrow

Dorcas Pruett alipokuta mnyororo kwenye geti, aliushika kwa mikono miwili akauvuta kama mtu anayevuta ndama aliyekwama tumboni mwa mamaye. Haukukatika. Ng'ambo ya geti njia ilikuwa palepale, ikishuka katikati ya malisho hadi kanisani. Pembeni yake kilisimama kibao kipya: MALI BINAFSI. HAKUNA NJIA.

"Hakuna njia?" alikiuliza kibao. "Na hii niliyoikanyaga miaka arobaini na sita ni nini, utepe?"

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa tatu. Kwenye kona ya makaburi ya kanisa la Tarrow amelala binti yake Rosalind, aliyeishi siku nne tu. Kwa njia ile ni dakika kumi. Kuzunguka barabarani ni saa nzima, magari yanakupita kama risasi, huna pa kukanyaga ila mtaroni, na Dorcas ana miaka sabini na minne na nyonga moja ya chuma.

Tarrow ni parokia ya watu arobaini na mmoja, ukimhesabu na kichanga kipya cha akina Gadd. Zamani palikuwa na kijiji kamili. Yale matuta unayoyaona malishoni, kondoo wanapojikinga upepo, ni misingi ya nyumba za watu. Enzi za babu wa babu wa marehemu mume wa Dorcas, mwenye jumba kubwa alichukua malisho ya wote kwa karatasi ya sheria kutoka bungeni. Kisha akachoka kutazama moshi wa maskini dirishani mwake, akabomoa kijiji, akawahamishia watu nyuma ya kilima. Kanisa likamshinda kulihamisha. Njia ile ndiyo iliyokuwa barabara ya kijiji, lakini alipochoresha ramani yake, hakuitia.

Sasa jumba lile amelinunua Bwana Hallam, mtu wa mjini, kutoka kwa warithi wa mzee Lockyer.

"Usilie," alisema jirani wa Dorcas, Len Gadd, fundi wa kusuka nyua za miti, mtu wa maneno mengi na meno machache. "Sheria ipo. Watu wakipita mahali miaka ishirini, mchana kweupe, bila kuzuiwa na bila kupewa ruhusa, njia inakuwa ya wote."

"Nani analia? Hii ni hasira inatoka machoni."

Majira yote ya joto Dorcas aligonga milango akikusanya ushahidi wa waliopita. Mwezi wa kumi mkaguzi wa serikali akaja kusikiliza kesi ukumbini. Watu walikaa na makoti yao, hita moja ikipasha moto mbwa wa Len na si mtu mwingine. Dorcas alieleza yote, miaka arobaini na sita, mvua na theluji. Mkaguzi akawa anaitikia kwa kichwa.

Ndipo wakili wa Hallam akainuka, mwanamke kijana mwenye sauti laini, mkononi ana furushi la barua.

"Bi Pruett, huu ni mwandiko wako?"

Dorcas alivaa miwani. "Ni wangu."

"Naomba nisome. 'Mpendwa Bwana Lockyer, kwa niaba ya parokia yote nakushukuru kwa kuturuhusu tena mwaka huu kupita shambani mwako. Tafadhali pokea chupa hii ya jamu.' Ziko thelathini na moja. Kila Krismasi. Zilikutwa kwenye dawati lake."

"Ni adabu tu hiyo," alisema Dorcas.

"Naye alikuwa akijibu?"

"Kila mwaka. Alijibu, 'Karibuni, piteni tu.'"

Mkaguzi aliweka kalamu mezani.

Uamuzi ulikuja kwa posta baada ya wiki tatu: aliyepita kwa ruhusa hakupita kwa haki. Njia imefungwa.

"Dorcas, Dorcas," alisema Len, "wewe hata mwizi ungemshukuru kwa kukuachia mlango."

"Ondoka jikoni kwangu, Len."

Aliosha sahani moja ile ile mpaka maji yakapoa. Alimkasirikia Hallam, lakini huyo ilikuwa rahisi kumkasirikia. Alimkasirikia mama yake, aliyemchapa kofi kwa kusahau asante. Alimkasirikia baba yake, aliyevua kofia mvuani kumshukuru Lockyer kwa nyumba inayovuja. Walituchukulia ardhi tukawashukuru kwa njia! Na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika, kwa mwandiko mzuri wa shule, kwa niaba ya wote.

Jumapili iliyofuata alivaa gambuti akaenda getini. Len alimfuata bila kuitwa. Bwana Hallam akatokea upande wa pili, anatabasamu.

"Mama Pruett, hatuna haja ya ugomvi. Mimi si mtu mbaya. Ukitaka kupita, nipigie simu tu, nitakuruhusu."

Asante ilimpanda Dorcas kooni yenyewe, kama kwikwi. Aliiuma kwa meno.

"Sikuombi," alisema. "Len, nishikie fimbo."

"Utavunjika, mama we."

"Hiyo nyonga ni chuma. Sukuma!"

Alipanda ubao wa kwanza, wa pili, Len akamsukuma makalio bila heshima yoyote, akaangukia upande wa pili kwa magoti, kwenye matope, miguuni pa Bwana Hallam. Yule bwana akanyoosha mkono amwinue. Dorcas hakuushika. Aliinuka kwa kushikilia mnyororo wa geti.

"Nitakushtaki," alisema Hallam. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Nishtaki. Unajua ninapokaa. Nyuma ya kilima, mlikotuweka."

"Kupita hivi hakuna faida, mama. Hata ukipita miaka ishirini, haitahesabiwa."

"Sihesabu tena."

Akashuka katikati kabisa ya njia, akichechemea, hakukimbia wala hakugeuka.

Kaburini alikaa chini kwenye nyasi mbichi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku zote alikuwa na neno kwa mtoto. Leo alifuta kwanza kwenye nyasi viganja vyenye kutu ya mnyororo.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema. "Mama yako bado ana hasira."