Owiti na Seli Tupu

Miaka kumi na moja nimekaa meza moja na Owiti katika ofisi ya kiwanda chetu cha majani chai, na mpaka mwezi jana ningeapa kanisani kwamba simjui. Alitufikia kutoka upande wa ziwa akiwa amefiwa na mke, na binti mmoja, Molly. Binti alikua, akapata kazi Nairobi, simu zikapungua. Saa ya chakula sisi wengine tulienda kantini na kelele zetu. Yeye alifungua kikopo chake cha omena, dagaa wa kwao ziwani, na ugali uliopoa, akala akitazama kompyuta. Tulisema hapendi watu. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote, maana mdomo wangu hauna breki.

Kazi yake ilikuwa jedwali la wakulima kwenye Excel. Kila mkulima ana namba yake, na kila siku ya lori la kukusanya ina kilo za majani mabichi aliyoleta. Mwisho wa msimu, safu ya pembeni ilijijaza yenyewe: siku za sifuri zikipita thelathini, mkulima anaandikwa "amelala", na aliyelala hapati mbolea. Fomula hiyo ya IF aliitunga Owiti mwenyewe katika mwaka wake wa pili hapa. Sote tuliiamini bila kuichungulia.

Jedwali lilipokuwa zito hata kufunguka likawa tabu, meneja wetu, Madam Chepkemboi, alimwambia alihamishie kwenye programu. Owiti alikuwa amejifunza kuandika kodi, maagizo ya kompyuta, peke yake, kwa video za simu. Akaziandika upya fanksheni za Excel moja moja: ya kuhesabu kwa masharti, ya kujumlisha kwa masharti, na ile ya IF, ambayo aliiita "kama". Siku ya majaribio, Excel ilisema waliolala ni mia mbili na sita. Programu ilisema mia moja sitini na tatu.

"Owiti, hii kitu yako iko na shida," Madam alisema. "Watu arobaini na tatu wameenda wapi? List ya mbolea inatoka Ijumaa. Fanya ilingane na Excel."

Alikagua kodi yake siku tatu, mstari kwa mstari. Siku ya nne akaniita, "Janeffer, kuja uone," nami nikashtuka kwamba analijua jina langu.

Wote arobaini na tatu walikuwa wa kituo kimoja cha kupimia majani huko juu ya Merigi, ambako barabara ikinyeshewa hugeuka uji. Owiti alikuwa ameagiza vitabu vya mizani vya Kipngeno, karani wa kituo hicho. Lori likifika na mkulima hana majani, Kipngeno huandika sifuri. Lori likikwama kwenye matope, haandiki kitu, kwa kuwa hakuna alichopima, na kwenye jedwali kisanduku cha siku hiyo, yaani seli, hubaki kitupu. Siku kama hizo watu husubiri na vikapu vimejaa mpaka giza, halafu humwaga majani kando ya barabara.

"Excel ukiiuliza kwa IF kama seli tupu ni sawa na sifuri, inakubali," Owiti alisema. "Kodi inakataa."

"Si uandike tu mstari mmoja, tupu ni sifuri, tumalize?"

"Sifuri ni mtu ameulizwa akasema hana. Hawa hatukuwauliza, Janeffer. Ni sisi hatukuenda."

Halafu nikaona macho yake yamelowa. Alikuwa amemkumbuka mama mmoja wa kituo hicho, Chepkosgei, aliyekuja dirishani kwetu msimu uliopita, leso imelowa, kuuliza mbolea yake. Owiti alimjibu, "Mama, kompyuta inasema umelala." Mimi nilikuwepo. Nililisimulia jambo hilo kantini, tukacheka mpaka chai ikamwagika. Asiyekuwapo na lake halipo.

Ijumaa alisimama mbele ya Madam na kamati nzima ya kiwanda, vitabu vya Kipngeno mkononi. Akasema huo mstari wa tupu ni sifuri hatauandika. Kosa liko kwenye Excel, na Excel ni yake. Miaka tisa amewalaza watu waliokuwa macho. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndivyo wanavyosema, nami siku hiyo niliusikia. Madam alifungua vitabu ukurasa baada ya ukurasa. Mwishowe alitia sahihi orodha ya programu, na wale arobaini na tatu wakapata mbolea. Kisha akamwandikia Owiti barua ya onyo kwa miaka ya nyuma, maana ofisi yoyote lazima impate wa kulaumiwa, na aliyejitaja ndiye rahisi. Sisi tulioiamini hiyo fomula pamoja naye hatukuandikiwa chochote.

Jumamosi alipanda mpaka kwa Chepkosgei kuomba msamaha. Jumatatu nilimuuliza ilikuwaje.

"Alinipa kiti," alisema. "Akanimiminia maziwa ya mgando, ile mursik yao, akauliza watu wangu wako wapi. Nikamwambia niko na msichana mmoja, na hapigi simu." Akatabasamu kidogo. "Hiyo ndiyo nyumba ya kwanza ya huku nimeingia nikakula."

Miaka kumi na moja. Nyumba yangu iko nyuma ya kiwanda, na dirisha letu la ofisi linatazama paa langu. Kila Jumapili mimi hupikia nusu ya kwaya. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka, na kwa kuwa mdomo wangu ni huu, nikajaribu kumrushia yeye.

"Lakini Owiti, na wewe pia! Mbona hukuwahi kuja kwangu?"

Hakukasirika. Angekasirika ningepumua.

"Hukuwahi kuniambia nikuje," alisema, akavuta kikopo chake cha omena.