Majina Niliyoyashona Migongoni

Siku yangu ya kwanza kazini Johannesburg sikuruhusiwa kugusa cherehani. Bosi wa duka, mama mmoja wa Kireno mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine ikining'inia kifuani, alinipa fulana kuukuu na wembe, akaniagiza nifumue jina lililodariziwa mgongoni bila kuacha tundu hata moja. Nilinuna. Nilikuwa nimetoka Bukavu nikiwa fundi kamili, nimeshona suti za maharusi na kanzu za wachungaji, na sasa nilikuwa nimeketi Kensington, kando ya barabara kubwa, nikichokonoa nyuzi za watu. Jioni mama yule aliinua fulana dirishani, akaikagua kwa miwani zote mbili.

"Ukijua kuliondoa jina la mtu bila kumharibia nguo," alisema, "utajua na kuliweka."

Ninyi vijana mnaobonyeza kompyuta na mashine ikadarizi peke yake, hamna habari. Sisi tulichora herufi kwa chaki, tukaibana nguo kwenye fremu, yaani duara mbili za mbao zinazoshikana ili kitambaa kikazike kama ngoma. Chini tuliweka kipande cha kitambaa kigumu ili mgongo wa fulana usikunjamane. Kwa fulana za michezo, ambazo huvutika, tulitumia sindano yenye ncha butu kidogo, kwa sababu ile kali hukata nyuzi na baada ya kufuliwa mara mbili tatu jina linabaki na matundu. Haraka haraka haina baraka, na mahali pa kuona ukweli wa neno hilo ni mgongoni mwa fulana.

Nilikuwa na kanuni moja ambayo hakunifundisha mtu: kwangu jina halikushonwa kabla mwenyewe hajalieleza. Kwetu Kivu jina ni taarifa ya nyumba. Mtoto akija wakati wa shida anaitwa Mateso, akija baada ya kungojewa sana anaitwa Zawadi, na ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina manne yasiyofanana. Basi nami niliuliza kila mteja. Sipho alinieleza kuwa yeye ni zawadi. Nomvula alizaliwa mvua ikinyesha. Bosi alidhani napoteza muda, mpaka alipoona wateja wanarudi na ndugu zao.

Mama yule alipofunga duka nilipata kazi Randburg, katika karakana ya nguo za michezo. Meneja wetu alikuwa Bwana Snyders, mtu mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni na subira isiyojaza kijiko. Kila nilipoanza maswali yangu alinifokea kutoka mlangoni.

"Fundi! Mdomo haushoni!"

Siku moja aliingia Mholanzi, dada mwenye magoti yenye makovu, amebeba gongo begani. Alikuwa mchezaji wa mpira wa magongo, ule mchezo wa kukimbiza mpira mdogo mgumu kwa fimbo yenye ncha iliyopinda, na alikuwa amekuja kuchezea klabu moja ya hapo jirani. Aliitwa Griet Snijder. Alitaka jina lake la ukoo mgongoni. Nikamwuliza maana yake.

Alicheka, akakaa juu ya meza yangu bila kukaribishwa. "Snijder ni mkata nguo," alisema. "Fundi kama wewe, Mzee. Babu wa babu yangu alikuwa na mkasi. Leo nyumbani kwetu hakuna anayejua kushona hata kifungo." Akaendelea kunihesabia jamaa za jina lile: Wajerumani wana Schneider, Waingereza wana Taylor, na hapa Afrika Kusini, waliofika na meli za zamani, wapo akina Snyders.

Nikageuka mlangoni. Meneja alikuwa amesimama pale, kalamu zake tatu mfukoni, mdomo wazi.

"Babu yangu aliuza matrekta," alisema.

Kesho yake tulimkuta mapema kwenye cherehani yangu akijaribu kuunga vipande viwili vya kitambaa. Alijichoma kidole. Nilimfunga plasta, nikamwambia, "Bosi, hata jina linahitaji mazoezi." Alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo hakunikataza tena kuuliza.

Griet alipenda mji, akabaki. Siku za Jumamosi alifundisha timu ya wasichana, na mmoja wao alikuwa mwanangu wa kwanza, Machozi. Kwa desturi yetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, hivyo Wakongo wote wa kanisani waliniita Papa Machozi, na mke wangu Mama Machozi. Binti alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini hujibu kwa Kiingereza au Kizulu, na akikasirika huvichanganya vyote.

Timu ilipata safari ya kwenda kucheza Durban. Griet akaniletea fulana na orodha ya majina, kila msichana ameandika lake kwa mkono wake. Mbele ya nambari ya mwanangu palikuwa na jina Machozi lililokatwa kwa mistari miwili, na pembeni pameandikwa Grace. Hatukuwa na Grace nyumbani.

"Hili la mwanzo maana yake nini?" Griet aliuliza.

"Ni jina tu," nikamjibu.

Alinitazama. "Mzee, kwa watu wote unauliza. Kwa mwanao unasema ni jina tu?"

Nilijifanya natafuta chaki. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Jumamosi Machozi alikuja karakana baada ya mazoezi. Nilimwonyesha orodha. "Njo nini hii, mama?" nilimwuliza, kwani kwetu binti huitwa mama.

"Papa, please. Shona tu Grace."

"Unajua kanuni ya hii meza. Elezea jina kwanza."

"La Grace sina maelezo, nimelipenda tu. Na lile lingine, sababu yake siijui!" Sauti yake ilipanda. "Watoto wa kanisani waliniambia ni machozi, kulia. Eish, Papa, nilizaliwa, mkalia? Hamkunitaka? Nimeogopa kuuliza tangu niko grade three."

Miaka yote hiyo. Nilikuwa nimewauliza watu wa kila kabila, nikawasikiliza kwa masikio mawili, na mtoto wangu mwenyewe alilala na swali hilo chini ya paa langu. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi sikuwa hata nimejaribu. Nilidhani nikinyamaza huzuni itapita bila kumgusa.

Nilizima cherehani nikamwambia. Wiki aliyozaliwa ilifika habari kwamba mama yangu amefariki Bukavu. Sikuwa na karatasi za kusafiri, ningetoka nisingerudi. Walimzika bila mimi. Siku nne sikulia, kifua kilikuwa kama kimefungwa na waya. Kisha muuguzi akanipa mtoto, amefunikwa kitambaa cha kijani, na mtoto akafungua macho ya mama yangu.

"Pale pale nikalia," nilimwambia. "Wewe ndiye uliyenifungua. Kama si wewe, bado ningekuwa nimefungwa. Ni machozi yangu, si yako. Nilikuita hivyo kwa kushukuru."

Alichukua kitambaa cha kupangusia mashine, kichafu cha mafuta, akajipangusa nacho uso, akabaki na doa jeusi shavuni.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa. Nisamehe, mama."

Nilikuwa tayari kushona Grace, na ningelishona vizuri, kwa sababu fulana ni ya mvaaji. Nilimwuliza niandike lipi. Alichukua chaki mwenyewe, akachora herufi saba mgongoni mwa fulana, kubwa kuliko za wenzake wote. Griet alizilalamikia, lakini nilizifuata kama zilivyo.

Sasa nimestaafu. Macho yamechoka na uzi, na karakana imenunua mashine isiyouliza mtu habari zake. Simlaumu aliyeitengeneza. Ila mkipewa jina la mtu, ulizeni, na mkiwa na watoto, msingoje waulize wao.

Mwezi uliopita nilikwenda uwanjani Randburg kumtazama Machozi akicheza. Walipopumzika, msichana wa timu pinzani alimsogelea karibu na uzio niliposimama, akagusa mgongo wake, akamwuliza kwa Kizulu jina lile lina maana gani. Nilishika waya wa uzio.

"Ni machozi ya baba yangu," Machozi alijibu, akinywa maji. "Alimlilia gogo, bibi yangu, siku aliponipokea. Gogo alikuwa na macho kama haya."

Mama yangu hakuwahi kufika Afrika Kusini, nami sijawahi kulifikia kaburi lake. Siku hiyo alitajwa mchana kweupe na mjukuu ambaye hakuwahi kumwona, bila aibu yoyote, na wale wasichana wawili wakainamiana, mmoja akimwangalia mwenzake machoni ili amwone mama yangu.