Tonge la Mwijage

Mwijage na mkewe Agnetha, watu wa Muleba, wamepanga chumba changu cha uani hapa Hamugembe ili wawe karibu na kliniki. Kansa ya koo. Mionzi ya Mwanza imemchoma hata mate hayamezi, na madaktari wamemtoboa tumbo wakamwekea mpira wa kulishia. Agnetha huchuja uji wa maziwa, akaupitisha kwenye mpira kwa bomba la sindano, polepole. Mwijage hutazama ukutani mpaka umalizike.

Huyu ndiye mtu ambaye nyumbani kwake hakuna aliyegusa chakula kabla hajasali na kumega tonge la kwanza. Sasa amege nani? Agnetha akaona heri asipike kabisa ila ule uji. Akawa anakula jikoni kwangu, amesimama, kisha ananawa kwa sabuni ili harufu isimfuate. Nilimwambia anajidanganya. Mume wake anaumwa koo, haumwi pua.

Jumapili, walipotoka kanisani, Mwijage alimshika mkewe mkono akaunusa, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Mama Jovitha, unakula wapi siku hizi?"

Agnetha akauvuta mkono wake. Nikajibu mimi, maana nilikuwa nimechoka kuficha sahani. "Anakula kwangu, waitu, ndugu yetu. Anakuonea huruma."

"Ananionea huruma au ameshanizika, Joanitha?" Sauti yake ilikwaruza. "Leo pika hapa, Mama Jovitha. Ndizi na maharage. Tutakaa wote. Bado nina nyumba."

Agnetha alipika akitabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu waje. Akatandika majani ya mgomba, akapakua ndizi zikitoa mvuke. Mwijage alivaa shati la kanisani juu ya mpira wake, akasali, akamega tonge. Tukasubiri. Alilibonyeza vidoleni mpaka likapoa, kisha akaliweka mbele ya mkewe.

"Kuleni."

Tukala. Mungu anisamehe, zilikuwa tamu. Mwijage alitutazama midomo, na mate yakamjaa mdomoni. Hana pa kuyapeleka. Yakamchuruzika kidevuni mpaka kwenye lile shati. Agnetha aliinua kanga amfute, naye akausukuma mkono wake, si kwa nguvu.

"Kuanzia kesho," alisema, "ukale kwa Joanitha."