Nyota Nne Kwenye Ukucha

Mwaka visiwa vyetu vilipogombana, mwanangu alikuwa Mutsamudu na maziwa yake yalikuwa Moroni, kifuani mwangu. Nilikuwa nimempeleka kwa mama aachishwe ziwa, kama tunavyofanya: mtoto hukaa kwa bibi yake kidogo, asahau. Nikarudi Moroni, mtaani Magoudjou, kwa mume wangu, kupaka kucha za maharusi. Nyuma yangu Ndzuwani, kisiwa cha kwetu chenye Mutsamudu, wakatangaza wamejitenga. Boti zikasimama, na wanaume wa pande zote mbili wakahamia redioni. Hakuna aliyetaja ziwa.

Ruhusa ya kuvuka ilikuwa ikitolewa na mkubwa mmoja wa serikali. Mkewe akaniita. Alikuwa na ngoma ya wanawake, arusi ya wifi yake, na alitaka bendera ya taifa kwenye kila ukucha.

"Nyota nne, dada. Ikipungua moja, mume wangu atasema nimewapa waasi kisiwa."

"Na karatasi yangu ya kuvuka?"

"Paka kwanza. Sisi ni watu wa umoja."

Brashi ya kwenye chupa ya rangi ya kucha ni fagio, haichori nyota. Nyembamba niliyoletewa kutoka Marseille, mama mkwe aliinusa akasema ni nywele za nguruwe, basi ikafa hapo. Nikachukua brashi ya shule, nikainyonyoa mpaka zikabaki nywele za kuhesabika. Rangi ya kucha nayo hukauka kabla hujageuza mkono, na ukiizimua kwa asetoni inakula kijani cha bendera kilicho chini. Kwa hiyo nyota nilizichora kwa rangi nyeupe ya maji, ya wachora picha. Inatulia, na ukikosea unafuta kwa pamba. Ubaya wake ni mmoja: usipoifunika kwa vanishi, maji yanaiondoa.

Majina matukufu yaliyo pembeni mwa bendera, la Mungu na la Mtume, niliyaacha. Mkono huo unaingia msalani.

Dada wa mwenye kucha, aliyekaa kando akitafuna karafuu, akacheka. "Kucha hizi hazipitishi maji ya udhu. Arusi nzima itajua wiki hii huswali."

"Ni kwa ajili ya taifa," akajibu.

Nilipomaliza kidole cha mwisho niliuliza tena karatasi.

"Subiri, mwenzangu. Watu wa kwenu wakaidi, acha wabanwe kidogo."

"Mwanangu hajaanza hata kusema. Ukaidi kautoa wapi?"

Akapuliza kucha zake. Nikaikaza chupa ya vanishi, nikaitia mkobani.

"Basi leo usinawe, usile wali kwa mkono, na ukicheza usitoe jasho."

Hakuelewa. Dada yake akachovya kidole kwenye glasi ya maji, akagusa ukucha wa dole gumba la nduguye. Nyota moja ikafutika.

"Ndzuwani hiyo," akasema. "Imejitenga."

Yule mkubwa akaitwa kutoka redioni, akaitia karatasi yangu sahihi bila kusoma. Nikairudisha nyota, nikafunika zote.

Mutsamudu nilimkuta mtoto kanenepa. Akaficha uso kwenye leso ya koko wake, yaani mama yangu. Nikamfungulia kifua, akakigusa kama bidhaa ya dukani, akarudi kwenye muhogo wake. Aliachishwa barabara, kwa juhudi za serikali mbili.

Bado sijavua viatu, jirani akaja na chupa nyekundu. Kisiwa sasa kina bendera yake, yenye mkono mweupe; je, unaenea kwenye ukucha?

Mimi nilikuwa nataka karatasi ya kurudi Moroni na mwanangu. Nikatoa brashi, nikamuuliza yule jirani, mume wake anatia sahihi karatasi gani.