Mfalme wa Upande wa Nyuma

Baba alikuwa padri wa kanisa dogo la Kiorthodoksi nje kidogo ya Nairobi. Alipokaribia kustaafu alinipa kazi moja tu: nichapishe magauni ya akina mama huko Guangzhou, Uchina, nilikofanya biashara, wayavae kwenye ibada yake ya mwisho. Nilivyoifanya kazi hiyo najuta mpaka leo.

Picha aliitoa kwenye kitabu chake: sarafu ya dhahabu ya wafalme Wakristo wa Konstantinopoli. Wafalme hao hawakuwa watu wa haya. Ukutani walichorwa wakiwa na mviringo wa nuru kichwani, utadhani nao ni watakatifu, na kwenye sarafu sura zao ndizo zilizokaa mbele. Kisha mmoja wao akamweka Kristo mbele, mwenyewe akahamia upande wa nyuma, amesimama na msalaba mkononi, akajiita mtumishi. Mwezi mzima baba aliandaa mahubiri juu ya sarafu hiyo. Agizo lake lilikuwa fupi: Kristo mbele ya sketi ya gauni, mfalme nyuma.

Mimi nikajifanya najua zaidi. Nimekulia nchi ambayo picha ya rais ilitundikwa juu ya kila kaunta, na kumpeleka mkubwa nyuma kulinikera. Tena, nikajiambia, kanisani watu hutazama migongo ya walio mbele yao. Basi Kristo awe nyuma, wote wamwone, na mfalme na vito vyake apendeze mbele.

Laoban, yaani bosi, mwenye duka nililozoea kuchapishia pale soko la vitambaa la Zhongda, aliitazama sampuli, akajipiga makalio, akaonyesha kiti.

"Bu hao," akasema. Si vizuri.

Nikaona hana adabu. "Hao," nikamfokea. "Wewe chapa!"

Jumapili ya ibada nilikuwa bado Xiaobei, mtaa wa Waafrika kule Guangzhou. Jioni nikapiga simu nyumbani, mama akapokea. Akaniambia baba alipowaomba waumini wakae wasikilize mahubiri, hakuna mama aliyekaa. Nani angeukalia uso wa Kristo? Hata mabibi wenye magoti mabovu waliegemea ukuta, wamesimama. Baba akawatazama, akaelewa, akakunja karatasi yake na kuwabariki waende zao.

Kisha akaja kwenye simu mwenyewe.

"Baba, nisamehe."

"Nilimweka mfalme nyuma ili akaliwe yeye," akasema bila ukali. "Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri."

Nilitaka kumwomba anihubirie mimi, pale pale kwenye simu, neno kwa neno kutoka kwenye karatasi yake. Kadi yangu ilikuwa na dakika za kutosha. Lakini aibu ilinishika, nikamwuliza kama rangi zimetoka vizuri.

"Zimetoka vizuri, mwanangu," akasema, akamrudishia mama simu.