Kwenye Redio Hatusalimiani

Mjukuu wangu amepata leseni ya redio ya upepo, ile ya kuitana kituo kwa kituo, na nimewatangazia watu wote kanisani, hata wasioniuliza. Yuko Makambako, amejiandikisha kujitolea: mvua ikikata barabara na simu zikazima, wilaya inamwita apeleke habari za serikali, bila malipo hata ya soda. Alipoleta karatasi ya masharti nikamwambia akae, nitamsomea mimi. Akacheka, maana anajua shule yangu iliishia darasa la nne. Nikamsomea kwa kichwa, mstari kwa mstari.

Masharti hayo yalikaa ukutani kwetu hapa Uwemba miaka mingi, pembeni ya kalenda ya misheni. Babu yake, mume wangu, alikuwa fundi umeme, na redio yake aliipenda kuliko nguruwe wake. Waya aliufunga juu ya milingoti nyuma ya jiko. Jioni alinisomea nikimenya viazi: usiseme kabla hujaitwa. Ujumbe upeleke kama ulivyopewa, usitie chumvi. Ya nyumbani kwako usiyalete humo. Salamu hakuna. Asiye na leseni asiguse, ila kama uhai wa mtu uko hatarini na njia nyingine hakuna.

Hilo la salamu lilinichoma. Sisi Wabena mtu akipita shambani unaweka jembe chini, mnaulizana nyumba, watoto, mahindi, mpaka kuku. Nikamwambia waliotunga hayo hawakulelewa.

Mwaka mmoja mume wangu akaenda Makambako kununua betri. Mvua ikashuka siku mbili mfululizo, daraja likakatika, simu zikafa. Sikujua kama yuko hai au gari limeingia korongoni. Siku ya tatu asubuhi nikaiwasha redio kwa betri kuukuu, nisikilize tu.

Nikamsikia mtu wa hospitali ya Lugarawa akiita Makambako. Mama amejifungua, anatoka damu, damu ya kumwongezea hawana. Makambako hawakumsikia. Wao nao wakaita, naye hakuwasikia. Kilima chetu kilikuwa kinasikia pande zote mbili. Na sauti ya Makambako ilikuwa ya mume wangu, amekalia redio ya rafiki yake, Mwislamu mmoja mwenye malori, aliyejitolea kama yeye.

Nikabonyeza kitufe. Mungu anisamehe, nilichosema ni hiki: "Kamwene, baba. Umelala wapi? Umekula?"

Sauti ikarudi kavu kama ya karani: "Kituo cha Uwemba, una ujumbe? Ova."

Mwanaume niliyemzalia watoto saba hakuitikia salamu yangu. Lakini kule Lugarawa damu ya mwanamke mwenzangu ilikuwa inamwagika, nikameza uchungu wangu. Nikasema kama Lugarawa walivyosema: damu kundi O hasi, chupa nne, haraka. Akanitaka nirudie. Nikarudia, sikuongeza neno.

Nikakaa pale nikipokea huku na kupeleka kule, ugali umeungua jikoni. Lori la yule rafiki lilete damu mpaka darajani, vijana waivushe kwa miguu, gari la hospitali lingoje ng'ambo. Saa tisa Lugarawa wakasema imefika. Jua linazama wakasema mama anaongea, ameomba uji. Nikapeleka hivyo hivyo, na uji wake.

"Asante, kituo cha Uwemba. Mwisho," akasema mume wangu, akazima.

Keshokutwa yake nilikuwa napalilia maharage, nikamwona anapanda kilima, matope magotini, betri begani. Kwa kusudi kabisa sikuweka jembe chini. Akafika mwisho wa tuta, akatua betri, akavua kofia.

"Kamwene, mama," akasema. "Nililala kwa mwenye malori, juu ya magunia ya mahindi. Nilikula pilau, lakini haikuwa na ladha."

Nikaweka jembe chini.